Sketi ya Pazia

Fundi wa chini ya gorofa yetu bado anatumia pasi ya makaa. Ikigusa kitambaa chenye unyevu, harufu yake hunirudisha mtaa wa Kianda, nilikokulia.

Kikundi chetu cha vijana kanisani kilikuwa kimechagua sketi za maruni. Bei ya fundi ilitushinda, kwa hivyo mama aliteremsha pazia la maruni lililoficha kitanda, akanishonea sketi kwa mkono na kuipiga pasi ya makaa. Nje ilifanana na za wenzangu. Ndani, upande wa pili wa pazia, ilikuwa na maua ya njano.

"Watanicheka," nikamwambia.

"Vaa kama ni wao wamekosea."

Jumapili hiyo tulialikwa kuimba katika kanisa la mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Tulipozunguka, sketi yangu ilifunguka, maua yakaonekana. Wasichana wa huko wakaanza kunong'onezana. Sikushika pindo. Nilizunguka tena, kwa nguvu zaidi.

Baada ya ibada, kiongozi wao alinijia, akanisalimia. "Sasa. Hiyo staili umeshonewa wapi? Hata sisi tunaitaka."

"Kwa mathe," nikasema.

Nilipofika nyumbani, kila aliyepita mlangoni alikuwa akikiona kitanda chetu.

"Mama, kuna wasichana wanakuja kupimwa sketi kama yangu."

Alikitandika upya, akakaa juu yake, akatunga uzi kwenye sindano.