Nusu ya Methali

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanipamba. Kazi yangu ni kusimama juu ya kisima na kushika mpini wa winchi wakati mdogo wangu yuko chini anachimba, na kwa miaka kumi na tisa sijawahi kusimama pale bila hofu. Watu wakiona sugu za mikono yangu wanadhani nina roho ngumu. Roho ngumu anayo yeye.

Mdogo wangu wanamwita Mchwa. Ni mfupi, mwembamba, mabega kama ya mtoto wa shule, lakini mpe sururu na udongo mgumu, ikifika adhuhuri humwoni tena, unasikia sauti tu. Hana makuu. Anapenda chai yenye sukari nyingi, anaogopa mbwa, na ana mdomo. Jamani, ana mdomo.

Baba yetu ndiye aliyetufundisha kazi, na pamoja na kazi akatuachia sheria moja. Chini ya kisima hewa inaweza kuharibika bila harufu wala rangi, na mtu akaanza kupotewa na akili kabla hajajua. Kumuuliza "U mzima?" hakusaidii, maana hata anayekufa atajibu "mzima." Kwa hiyo wa juu anaanza methali, wa chini anaimalizia. Haba na haba, anasema wa juu. Hujaza kibaba, anajibu wa chini. Hivyo kila baada ya ndoo mbili, kutwa nzima. Akikosea, vuta. Usiulize, usishuke kumfuata, vuta. Methali moja tu baba aliipiga marufuku kisimani, ile ya mchimba kisima huingia mwenyewe. Alisema hiyo hatuhitaji kukumbushwa.

Sasa, ukizirusha methali namna hiyo miaka na miaka, unaanza kuzisikia. Wenzangu wanazitoa kama salamu, zinapita. Mimi nilikuwa na muda wa kuzigeuzageuza. Mvumilivu hula mbivu, sawa, basi mbona ngoja ngoja huumiza matumbo? Haraka haraka haina baraka, halafu huyo huyo aliyekwambia anakugeukia kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mtu afanye nini, akimbie au akae? Na mtoto akililia wembe mpe, ni mzazi gani huyo? Nilimuuliza Mchwa siku moja. Akanijibu kutoka futi thelathini kwamba waliozitunga hawakuwahi kuelewana, walikuwa wanagombana kama sisi, na tulichorithi ni ugomvi wao. Akishasema jambo kama hilo anaomba maji ya kunywa.

Tatizo lake ni mzaha. Nikianza "Asiyefunzwa na mamaye," anajibu "hufunzwa na dada yake." Nikisema "Mwenda pole hajikwai," anasema "ila harusini hafiki." Mwanzoni nilivuta kama baba alivyoagiza. Mara tatu nimempandisha futi arobaini, mgongo unaniuma, anatokea juu meno yote nje. Nikamtukana. Nikamwambia mzaha mzaha hutumbuka usaha. Akasema, "Dada, siku nikikosea kweli utajua tu." Basi nikazoea, tukawa tunacheka wote. Hilo ni kosa langu, sina wa kumsukumia.

Siku yenyewe tulikuwa kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Kisima chake kiko nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jirani, na maji yalikuwa yamekauka, akataka tuongeze kina. Asubuhi tulishusha taa hadi chini, ikarudi inawaka. Mchwa akafunga kamba ya winchi kifuani, ambayo haivuliwi mpaka apande, akashuka. Ndoo ina kamba yake.

Saa nne hivi umeme ukakatika mtaani, na jirani akawasha jenereta upande wa pili wa ukuta. Niliusikia mngurumo. Niliona hata moshi ukipenya kwenye tundu la ukuta, chini chini, ukija upande wetu. Nilikereka na kelele, basi. Sikufikiri kwamba moshi nao hutafuta shimo.

"Chelewa chelewa," nikaita kwa nguvu anisikie.

Akakawia kidogo. "Hula mbivu."

Nikacheka. Nilicheka kweli, mpaka mwalimu aliyekuwa anaanika nguo akageuka kuniangalia. Nikajisemea, huyu leo kaamka vizuri. Nikavuta ndoo. Ilikuja nusu. Mchwa hajawahi kunipa ndoo nusu maisha yake yote, na hapo nikaacha kucheka.

"Haba na haba."

Nikainama, nikatega sikio. Jenereta inanguruma.

"Haba na haba. Mchwa, usinitanie, naogopa."

"Juani," akasema. Ilikuwa sauti ya mtu anayesinzia kitini.

Nikarukia mpini. Mchwa akipanda kwa kawaida hukanyaga ukuta, anakuwa mwepesi. Siku hiyo alikuwa mzigo. Nilizungusha mara nne, mikono ikaanza kuteleza.

"Mwalimu, njoo unishikie."

"Nishike wapi, mwanangu?"

"Hapa. Usiachie, hata nikianguka usiachie."

Mama wa miaka sabini, viganja vimelowa maji ya nguo, akashika. Miguu yangu ilikuwa inataka kushuka kumfuata, naapa, niliizuia kama mtu anavyozuia mbuzi. Nilijisikia nikizisema methali mwenyewe, nusu zote mbili, moja kwa kila mzunguko. Haba na haba hujaza kibaba. Haraka haraka haina baraka. Hakuna aliyekuwa akinimalizia.

Akatokea kichwa kimelala begani, macho nusu wazi. Tukamburuta mbali na ukuta, chini ya kamba ya nguo. Alikuwa anapumua, kidogo kidogo. Jirani alikuja mbio, akazima jenereta, akatupakia kwenye gari lake bila neno. Hospitalini wakamwekea hewa ya mtungi, wakaniambia ningekawia dakika chache zaidi wasingekuwa na la kufanya. Nikawaza ile ndoo niliyoivuta huku nacheka. Dakika ngapi zile?

Siku ya pili alikaa kitandani akaomba chai. Nilikuwa nimefungwa bandeji viganjani, kikombe nakishika kwa vidole.

"Haba na haba," nikamwambia.

"Hujaza kibaba."

Nikalia hapo hapo. Kisha nikamjaribu nyingine, na nyingine, kama kumi. Zote alizimaliza sawasawa, bila mzaha hata mmoja, na hilo nalo likanitia hofu. Nilipomaliza alikaa ananitazama, paji la uso limekunjamana, kama mtu aliyeonewa na hajui kwa nini.

"Dada, nikuulize kitu," akasema. "Kule chini nilikujibu zote sahihi, hata moja sikukosea. Mbona ulicheka?"

Niliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.