Mgeni wa Sajini

Nilikwenda Kampala kufuata haki yangu. Tulipoachana na Rosa, mahakama ya Kisumu iliamua binti yetu Achieng akae na mama yake, nami nimwone kila likizo. Punde si punde Rosa akaolewa na sajini wa polisi wa Uganda, wakahamia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala. Nikabaki na karatasi, tunatazamana.

Busia mpakani, asubuhi. Askari kwenye kizuizi aliniuliza, "Wewe naenda kwa nani?" Nikamwonyesha hukumu yenye muhuri.

"Hii ya Kenya. Hapa nafanya kazi gani?"

Bunduki ilikuwa karibu mno na kitambi changu. Basi nikalitaja jina nililokuwa nikilitaja kwa matusi tu: mimi ni mgeni wa Sajini Odongo.

"Mgeni ya afande! Pita, mzee."

Darajani Jinja nililitaja kabla sijaulizwa. Aliyenichukulia mke ndiye aliyekuwa pasi yangu.

Nsambya, alasiri. Sajini, mtu wa kaskazini, mrefu, alinipokea kwa mikono miwili. Rosa alininunia, akaenda zake jikoni. Achieng alipiga magoti kama watoto wa huko. "Karibu, Baba. Safari irikuwa mzuri?"

"Nzuri, mama. Na huyu unamwitaje?"

"Afande."

Sajini akacheka kwa aibu. "Mimi nasema aniite baba, yeye nakataa. Yeye nasema baba yake iko Kenya."

Loo, nilivimba kichwa! Nilikula matoke yake kama mtu aliyeshinda rufaa.

Jioni, giza halijaingia, risasi zikalia upande wa reli. Nikachutama, nikamfungulia binti yangu mikono. Alinipita mbio, akajitupa kifuani kwa Sajini, uso akauficha kwenye shati lake.

"Iko mbali," Sajini akamwambia, akimpapasa mgongo. "Sikia, iko mbali."

Niliumia, sifichi. Nilijifanya natafuta kiatu.

Kesho yake, kituo cha basi, nilimwuliza Sajini, "Akiogopa hivyo, humwambia nini?"

"Kitu gani nasema? Namshika tu, mpaka yeye nalala."

Kisumu, wenzangu wananiuliza kama haki yangu niliipata. Nawajibu niliipata nzima: mwanangu hamwiti mwingine baba ila mimi. Wananipongeza. Nami nimeshaomba ruhusa kazini, nirudi likizo ijayo. Kukimbiliwa hakukuwamo katika hukumu.