Kamba ya Mgomba kwenye Kidole cha Mama

Asubuhi ya leo mwanangu amechovya mkono mzima kwenye rangi ya kijani, kisha akaupiga katikati ya picha niliyoihangaikia tangu juzi. Ilikuwa picha ya mbuzi, ya kitabu cha hadithi za watoto, na wenye kitabu wanaitaka kabla shule hazijafunguliwa. Basi ndugu yangu, nilibaki namtazama mbuzi mwenye vidole vitano mgongoni, machozi yananilenga. Hapo hapo simu ikaita. Mama mkwe, kutoka Murukulazo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo, unalia? Mlete huyo mtoto huku, akae kwangu mpaka umalize kazi yako. Maziwa yapo, na wenzake wa kucheza nao wapo."

Alisema kwa mapenzi kabisa. Baba mtoto anafanya kazi Biharamulo, tunamwona mwisho wa wiki tu, kwa hiyo msaada nauhitaji. Nilimwambia nitampigia baadaye. Nikakaa chini mkekani, nikanyoosha miguu, macho yakatua kwenye kidole gumba cha mguu wangu. Nikamkumbuka mama.

Mama alisuka vikapu, hapa hapa Rulenge, upande wa bondeni ambako kengele ya kanisa ilitufikia ikiwa imekwisha kuchoka. Vile vikapu vyenye mfuniko uliochongoka, ambavyo bibi harusi hupelekewa vikiwa na unga wa ulezi na maharage. Alisukia uani, miguu ameinyoosha, ndizi na maharage vinatokota jikoni, harufu ya mawese imefika mpaka kwa jirani. Kazi ile ilitaka macho yake na mikono yake yote miwili. Mimi nami nilivitaka hivyo hivyo. Nilikuwa sijaanza hata darasa la vidudu, na kutulia sikukujua.

Akatafuta njia yake. Alisokota kamba ndefu ya maganda makavu ya mgomba, ncha moja akanifunga kiunoni, nyingine akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wake. Niliweza kufika kwenye migomba, kwa kuku, na kwenye rundo la maharage yanayosubiri kupigwa. Kisimani nisingefika. Nikivuta, naye alikunja kidole akavuta kidogo, bila kuinua macho. Maana yake, nipo. Mara nyingi nilivuta bila kutaka kitu chochote, ili nijibiwe tu.

Siku moja nikagundua kuwa fundo linafunguka. Nikajivua kamba, nikamfunga mbuzi wetu mguuni, nikaenda kulala kwenye makapi ya maharage yaliyopata joto la jua. Mama akaendelea kusuka. Mbuzi anavuta, mama anajibu. Anavuta tena, anajibu tena. Jirani yetu alikuwa akipiga maharage yake upande wa pili wa ua, na mpaka uzeeni alisimulia jinsi mama alivyombembeleza mbuzi yule: "Tulia mwanangu, nakaribia kumaliza." Jirani akashusha fimbo kwa kishindo, mbuzi akakurupuka, mama akaenda chali, kikapu cha harusi kikabingirika hadi kwenye majivu.

Walicheka baadaye. Wakati ule mama hakucheka. Alikimbilia kisimani akiita jina langu, kipande cha kamba kikiburuzika kidoleni. Sauti ile ndiyo iliyoniamsha, na sijaisahau.

Jioni bibi, mama yake baba, alikuja na kanga ya kunibebea. "Mkamwana, vikapu na mtoto haviwezekani pamoja," alisema. "Nipe huyu nikamlee, au uache kusuka."

Mama alimheshimu bibi mno, hata salamu alimpa akiwa amepiga magoti. Siku hiyo pia alipiga magoti. "Mama, asante. Lakini mtoto ni wangu na kikapu ni changu. Kosa ni la fundo."

Kesho yake fundo lilihamia mgongoni, mikono yangu isikofika. Bibi harusi alipata kikapu chake, kimebonyea kidogo ubavuni, na aliyekibeba kichwani mbele ya wanawake wote alikuwa bibi yangu mwenyewe.

Migomba ile iliisha kwa ugonjwa wa mnyauko. Kisima kimefukiwa, tunakinga maji bombani. Mabibi harusi wa siku hizi wanapelekewa ndoo na mabeseni ya plastiki. Mama naye tulimzika kule bondeni, kengele inamfikia.

Nikampigia mama mkwe. "Mama, asante sana. Mtoto atabaki na mimi, na picha nitazimaliza. Wewe njoo Jumamosi, unishikie mtoto kidogo."

Nikaogopa nimemuudhi. Kisha akacheka, akasema atakuja na maziwa.

Kwa kuwa mgomba sina, nilisokota uzi wa sweta. Nikamfunga mwanangu, fundo mgongoni, ncha ya pili kidoleni kwangu. Nikatandika karatasi safi, nikaanza mbuzi mwingine. Sijafika hata kwenye pembe, kidole kikavutwa. Nikavuta nami, bila kuinua macho. Akacheka kule mlangoni, akavuta tena, nikajibu tena, na kalamu haikusimama.

Lakini nakwambia kweli, ndugu yangu. Ningepewa leo ile kamba ya mgomba, ningeivuta mara moja tu, nisikie kama kuna anayejibu.