Asteria na Msumeno wa Inchi Kumi na Nne

Mti wa mgrevilea ulianguka Jumatatu, ukalala juu ya mfereji wa maji wa kijiji cha Bombo kama mlevi. Kwa kuwa ulikuwa umeota shambani kwa Asteria, kuuondoa ilikuwa kazi yake. Asipouondoa kabla ya msaragambo wa Jumamosi, siku kijiji kizima kinapotoka kusafisha njia ya maji mpaka kwenye ndiva, bwawa lao la umwagiliaji, zamu yake ya maji angepewa jirani. Na jirani mwenyewe alikuwa shemeji yake Eliufoo, aliyekwisha kuchimba vijifereji vipya kuelekea kwenye nyanya zake.

"Usijisumbue, shemeji," Eliufoo alimwambia, meno yote nje. "Hiyo ni kazi ya mwanamume."

"Mwanamume alikuwepo," Asteria akajibu. "Alipanda bodaboda."

Huyo alikuwa mumewe, Rogath. Msumeno wa petroli ulionunuliwa kwa tangawizi ya Asteria aliufunga nyuma ya pikipiki, akateremka nao Kihurio kwa mwanamke mwenye mashamba ya mpunga. Kuteremka alikujua, kupanda kulimshinda. Asteria hakulia mbele ya watu. Alichukua jembe akaendelea kulima.

Shoka alilijaribu siku mbili, akaambulia malengelenge. Alhamisi akauza tangawizi, akashuka Same.

Shule hakwenda hata siku moja, lakini hakuna aliyewahi kumpunja kwa kipimo. Nguruwe wake aliwapima kwa kamba ya mgomba iliyozungushwa kifuani, na mnunuzi mjanja alionyeshwa kamba. Basi mti nao aliuzungushia kamba, akaikata palepale ncha zilipokutana, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Shikamoo, mama," alisema Habibu, mwenye duka la mashine.

"Marahaba. Nataka msumeno wa betri. Hilo bapa la chuma linalobeba mnyororo, liwe na urefu huu." Akainyoosha kamba juu ya meza. Shubiri nne kamili.

Habibu akashika kiuno. "Mama, unakata mti au unakata msitu wote wa Shengena?"

"Kata maneno, leta msumeno."

Habibu akashusha mkubwa kuliko yote, bapa inchi kumi na nane. "Mrefu zaidi ya huu sina. Chukua, huu ndio msumeno wa kiume."

"Wa kiume nilikuwa nao. Ulikula, ukanywa, ukahama."

Safia, mke wa Habibu, aliyekuwa akipanga misumari, alicheka mpaka ikamwagika. Akaja mezani, akaishika ile kamba. "Hii uliipitisha wapi, mama?"

"Kuuzunguka mti."

"Sasa, msumeno hauuzunguki mti. Unapita katikati." Akaikunja kamba sehemu tatu sawa. "Huu ndio unene wake, kama inchi kumi na mbili. Ongeza mbili, ncha ichungulie upande wa pili. Kumi na nne inakutosha. Hilo bapa refu linakula betri. Lingekuzimikia mti ukiwa nusu."

Asteria hakuwa mtu wa kuamini maneno. Alivuta ndoo iliyokuwa mlangoni, akauzungushia mdomo wake kamba, akabana ncha ilipokutana, akaikunja sehemu tatu sawa, akailaza juu ya mdomo huo. Ikafika ukingo hadi ukingo, ikazidi kidogo tu.

"Kumbe nguruwe na mti si ndugu," alisema, akacheka mwenyewe. "Nifungie wa kumi na nne, na betri ya pili."

Jumamosi watu walifika na majembe. Eliufoo alisimama ukingoni mwa mfereji, mikono nyuma kama mgeni rasmi.

"Hicho kijisumeno? Si cha kukatia keki ya kipaimara?"

Asteria alivaa miwani na glavu, akabonyeza. Msumeno ukalia kama nyuki.

"Hata hakingurumi!" Eliufoo akapaza sauti.

"Wa kunguruma alikuwa kaka yako."

Wanawake wakaangua kicheko. Unga wa mbao ukamwagika, ncha ya bapa ikatokeza upande wa pili, vidole viwili tu, kama Safia alivyosema. Kipande cha kwanza kikaachia. Katikati ya mkato wa pili betri ikazima, na Eliufoo akakohoa kwa furaha. Asteria akatoa ya pili mfukoni, akaipachika, akaendelea. Gogo likakatika, wanawake wakalisukuma nje, na maji yaliyokuwa yametuama yakapita kwa kishindo, yakilowesha viatu vya shemeji.

Mzee Aminieli, mgawa maji, aliyafuata kwa macho mpaka konani.

"Zamu ya Asteria ni Jumatatu asubuhi," akatangaza. "Haijaguswa."

Eliufoo alikung'uta kiatu kimoja, kisha cha pili. Akasogea, sauti chini. "Shemeji, kuna mparachichi wangu umeegemea paa. Kesho ungenisaidia?"

"Kesho niko kanisani. Jumatatu namwagilia." Asteria akavua glavu. "Jumanne nitakuja, ukiniita kwa sauti ileile uliyonicheka nayo."

"Hapa, mbele ya watu?"

"Si ndipo uliponichekea?"