Suruali ya Kuingilia Vichakani

Jirani wa Gachoki hawezi kununua suruali kabla ya kuijaribu kwa mwiba. Siku ya soko Kiritiri hufika penye rundo la mitumba na kijiti cha mgunga chenye mwiba mfukoni. Huigeuza suruali nje ndani, huvuta mshono wa gotini kwa vidole vyake virefu, kisha huukokota mwiba pajani polepole, kama anayemnyoa mtoto. Ukinasa uzi, huirudisha. "Hii ni ya kuvaa kanisani," husema kwa ile sauti yake ya chini. "Wewe mzee, utanitobolea mali!" mama wa mitumba humkemea huku akicheka, na Gachoki, aliyejibanza nyuma ya mashati, huona hata kicheko hicho ameibiwa.

Maana hata mbuzi wake, jirani alishamwibia. Bado wanalala zizini kwa Gachoki, lakini wakipotelea vichakani, anayeingia kuwatoa ni jirani, na siku hizi wanamfuata kwa mluzi tu. Leo mwiba uliteleza kwenye suruali nzito ya kijani. Jirani akaipima kiunoni mwake, akaona ni pana, akageuka moja kwa moja kwenye yale mashati. "Gachoki, shika. Hii ni yako." Gachoki akalipa, akaikunja kwapani. Jioni akaingia nayo kichakani, na kweli, hakuna mwiba uliofika ngozini. Akapiga mluzi uleule wa jirani, bila kukosea. Mbuzi wakainua vichwa, wakamtazama, kisha wakachungulia nyuma yake, wakimngoja mwenye mluzi.