Joho la Fundi Namba Moja

Naandika haya polepole, maana bado uso unaniwaka. Nilimaliza darasa la nane nikajiunga na chuo cha ufundi hapa Kangundo, kusomea ushonaji. Nilichotaka ni maksi tu. Kuunga mikono ya nguo kulinishinda, kwa hivyo kila mtihani mwenzangu Mwende alinishonea mikono, nami nikampigia nguo zake pasi. Nikamaliza wa kwanza. Mwende akawa wa nne, kwa sababu yeye hakuwa na Mwende wa kumsaidia.

Mama Nduku, kiongozi wa kwaya yetu, akaja mbio.

"Namba moja wetu! Shonea pasta joho. Likimkaa vizuri, majoho ya kwaya yote ni kazi yako."

Nikaona aibu kumwita Mwende tena, na mimi sasa ni fundi. Nikashona peke yangu.

Jumapili pasta alipendeza sana, mradi asimame kama nguzo ya simu. Wakati wa baraka akainua mikono. Ikafika kiunoni, ikakwama. Akajaribu tena, jasho likimtoka.

"Ndugu zangu," akasema, "baraka za leo zitafika hapa tu."

Kanisa likaangua kicheko. Mama Nduku akanigeukia.

"Wewe Muthama! Kwani huko chuoni nani alikuwa anakushonea mikono?"

Nikainamisha kichwa. Nyuma yangu Mwende akainua mkono juu kabisa, na gauni alilojishonea halikumzuia hata kidogo.