Sahihi Yangu ya Chara

Niliishia darasa la pili, lakini duka langu la Tarasaa nimelijenga mwenyewe. Juzi binti yangu, mwalimu wa historia, alikuwa akiandaa somo, nikamwambia anisomee. Akasoma jinsi Wamarekani wa zamani walivyolima miwa Hawaii, visiwa vya watu, wakamfanya mfalme atie sahihi karatasi ya kumnyang'anya mamlaka. Baadaye nchi nzima ikawa yao.

"Mjinga gani huyo?" nikauliza.

"Baba, alitishwa kwa bunduki."

Mimi sikutishwa na mtu. Wageni wa miwa walipotaka mashamba yetu ya mpunga kule Chara, wenzangu walitia dole gumba kwenye karatasi yao. Mimi niliandika jina kwa mbwembwe. Marehemu mke wangu, aliyenishinda kusoma, alisema, "Baba watoto, lete nisome kwanza."

Nikamjibu mbele za watu, "Kwani mume hapa ni nani?"

Nilidhani wanakodi msimu mmoja. Mwaka huu mke wangu alipokuwa akifa, aliomba azikwe shambani, kando ya mtoto wetu wa kwanza. Nilipofika kuchimba kaburi, mlinzi alinizuia getini. "Mzee, hapa si pako tena."

Nimemzika nyuma ya duka langu, peke yake.